Kipimo cha implanti: lini skana inatosha, lini urudi kwenye trei

Madaktari wa meno na mafundi wa maabara wa Unguja na Pemba, hili suala linarudi kila tukikutana. Mtu kanunua skana (kamera ya kunakili sura ya mdomo) au yuko njiani kununua na swali lake ni moja tu, nikipima implanti kwa skana kipimo kitakuwa sawa na kile cha silikoni au nitakuja kujuta? Implanti ni skrubu ya titani inayopandwa kwenye mfupa wa taya badala ya mzizi wa jino, na kipimo ni nakala ya sura ya mdomo, ama ya skana ama ya silikoni iliyojazwa kwenye trei. Jawabu naliweka hapa juu kabisa ili asie na muda aondoke nalo. Implanti moja, mbili mpaka tatu zilizokaa jirani upande mmoja wa taya, pima kwa skana bila ya wasiwasi, ukifuata taratibu utapata kipimo kinacholingana na cha trei. Taya zima lisilo na jino hata moja, implanti nne, tano, sita, hapo trei ya wazi (iliyotobolewa juu pale skrubu zinapochomoza) yenye kopingi, vile vichuma vya kufunga juu ya implanti wakati wa kupima, zilizofungwa pamoja ndo njia ya kuaminika mpaka leo, labda uwe na kamera ya fotogrametria ambayo ni kifaa chengine kabisa na nitaisema mbele. Na kote kuwili, ikiwa si jino moja tu, usikiamini kipimo mpaka ukikague mdomoni kwa jigi, yaani fito inayounganisha nafasi zote za implanti. Hilo la jigi ndo khasa lililonikalisha kuandika, maana watu wanabishana skana na trei wiki nzima halafu hakuna anaekagua.

Kwanini tunahangaika na mikroni

Jino la asili limeshikwa na nyuzi za ligamenti, ukilikandamiza linazama kidogo, baina ya mikroni 25 na 100 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwahivo daraja, yaani meno bandia yaliyoungana, likiwa limepinda kidogo meno yenyewe yanasogea na kulipokea. Implanti haina ligamenti. Titani imeshikana na mfupa moja kwa moja, jambo ambalo Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alianza kulitumia kwa binaadamu mwaka 1965, na ikishashikana vizuri inacheza mikroni 3 mpaka 5 tu ukiibonyeza kutoka juu. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70, sasa pima mwenyewe. Kosa lolote ulilolifanya kwenye kipimo halina pa kwenda, linabaki kwenye skrubu na kwenye fremu, yaani kiunzi cha daraja. Mgonjwa anatoka kwako amefurahi, miezi inapita skrubu inalegea, unaikaza, inalegea tena, halafu porseleni inamegeka, na ikizidi skrubu inakatikia ndani ya implanti, na alietoa skrubu iliyokatikia ndani anajua ile kazi ilivyo.

Brånemark alitaka nafasi baina ya fremu na implanti isizidi mikroni 10. Ukweli ni kwamba hakuna maabara inayofika hapo kwa daraja refu. Torsten Jemt mwaka 1991 akaja na kiwango cha kazi cha mikroni 150, na alikitoa kwenye skrubu yenyewe, kwamba tokea unapohisi skrubu imeanza kugusa mpaka inakaza isihitaji kuzungushwa zaidi ya nusu duara. Hii nusu duara ikumbuke, tutaitumia chini.

Halafu makosa yanajumlishana. Trei ikipinda kidogo, silikoni ikisinyaa kidogo, analogi (kichuma kinachoshika nafasi ya implanti kwenye modeli) ikikaa kombo kidogo, jasi ya modeli ikitanuka kidogo. Jasi aina ya 4 inatanuka kama asilimia 0.1, inaonekana si kitu, lakini implanti mbili zilizoachana milimita 50 kwenye taya hiyo peke yake inakuwa mikroni 50. Kwa implanti moja haikudhuru chochote kwa sababu hakuna mwenziwe wa kulinganishwa nae. Hii ndo siri ya mada nzima kwa kweli, umbali baina ya implanti ndo unaoamua njia, na uzuri wa mashine unakuja nyuma yake.

Na sie tuna jambo letu la visiwani. Mgonjwa wa Micheweni au Makunduchi akiambiwa arudi kwa sababu daraja halikukaa, ni nauli, ni siku ya kazi imepotea, pengine ni boti usiku kucha na mtu wa kumsindikiza. Maabara nyengine tunazozitegemea ziko Dar, kwahivo kazi ikirudi inavuka bahari mara mbili. Nusu saa ya kukagua inaokoa yote hayo.

Trei: fanya hivi

Alginati iache kwa taya la upande wa pili tu, na hata hapo mimina jasi papo hapo, ile sehemu kubwa ni maji, ikikauka inasinyaa na ukiifunga na kitambaa kinachotiririka inavimba. Silikoni ya kondenseshani nayo isikaribie implanti, inatoa alkoholi wakati inaganda na ikitoka alkoholi inasinyaa. Zinazofaa ni mbili, silikoni ya adisheni na polieta. Polieta ikishaganda ni ngumu, inashika kopingi haziyumbi, ndo maana wengi wanaipendelea kwa taya zima, lakini ugumu huo huo unakusumbua kuitoa kwa mgonjwa aliebakiwa na meno yaliyoinama, kwahivo ziba mapengo ya chini ya meno kwa nta kabla hujaanza. Pia polieta inavuta maji. Usiiloweke kwenye dawa kupita muda ulioandikwa, usiiweke na kitambaa kibichi, ikaushe na uitie kwenye mfuko mkavu, kwa unyevu wa hewa yetu hili si la kupuuza.

Joto sasa. Dakika zilizoandikwa kwenye boksi ni za chumba cha nyuzi 23 hivi. Miezi ya kaskazi, umeme ukikatika na AC ikazima, chumba kinapanda mpaka nyuzi 31 au 32 na silikoni inaanza kuganda kabla hujafika mdomoni. Ubaya wake ni kwamba inaonekana bado laini wakati ndani imeshaanza kushikana, unaikandamiza, inatulia, ukiitoa mdomoni inajirudi kidogo na macho yako hayataliona hilo. Weka katriji kwenye friji asubuhi, itoe muda mfupi kabla, na kwa sababu ni ya baridi ongeza kidogo muda wa kuiacha mdomoni. Glavu za lateksi zivue unaposhika silikoni ya adisheni ya kukanda kwa mkono, salfa iliyomo inaizuia kuganda na juu inabaki inanata. Tumia za nitraili, na ukiwa umeshagusa fizi kwa lateksi basi safisha pahala hapo kwanza.

Trei itengenezwe kwa mgonjwa mwenyewe, sio ya dukani uliyoikata kwa haraka. Itengeneze siku moja kabla ikiwa ni ya akriliki ya kujigandia, kwa sababu nayo inaendelea kusinyaa masaa mengi baadae. Toboa matundu juu pale skrubu zitakapochomoza, paka gundi ya trei na uiache ikauke sawasawa, masika gundi inachelewa kukauka na mtu akiwa na haraka silikoni inabanduka kwenye trei bila ya yeye kujua.

Ukija kwenye kopingi, vua kofia ya fizi moja (kifuniko cha implanti kinachochomoza kwenye fizi), funga kopingi yake, ndo uende kwenye nyengine. Ukivua zote pamoja fizi zinajifunga na kopingi inakalia nyama badala ya kukalia implanti. Zikishafungwa zote piga eksirei ndogo ya kila moja, mwanga uje pembe mraba na implanti, ukipinda eksirei inaficha nafasi. Picha kubwa ya taya zima haikusaidii kwa hili.

Kwa implanti mbili au zaidi funga kopingi pamoja. Zungusha uzi wa meno kutoka kopingi moja mpaka nyengine, paka resini ya pateni (plastiki inayojigandia) juu yake, iache. Resini hii inasinyaa, na sehemu kubwa ya kusinyaa kwake inatokea ndani ya kama dakika 17 za mwanzo, ukiipimia hapo hapo itakuwa imeshavuta kopingi zote kuelekeana. Kwahivo ikishaganda ikate baina ya kila kopingi kwa diski nyembamba, nafasi ibaki ndogo kabisa, subiri, halafu unganisha tena kwa tone dogo la resini. Tone dogo husinyaa kidogo. Wengine huifanya fito hiyo ya resini maabara juu ya modeli ya awali siku moja kabla, mdomoni wanabakisha kuunganisha tu, na mie naona hii ndo bora kwa sababu mgonjwa hakai kinywa wazi muda mrefu.

Halafu jaribu trei, hakikisha haigusi kopingi wala resini, sindika silikoni laini kuzunguka kopingi, jaza trei, ishushe mpaka vichwa vya skrubu vitokeze kwenye matundu, futa vichwa kabla haijaganda. Subiri dakika zote. Fungua skrubu ZOTE, zihesabu, ndo utoe trei. Wakati wa kufunga analogi shika analogi yenyewe kwa koleo na ukaze skrubu kidogo kidogo, kopingi ikizunguka ndani ya silikoni hata kidogo basi kipimo kimekwisha na utakigundua siku ya kufunga daraja.

Trei iliyofungwa, ile ambayo kopingi zinabaki mdomoni na unazirudisha kwenye silikoni kwa mkono, naikubali kwa implanti moja ya nyuma kwa mtu asieweza kufungua mdomo au anaetapika akiguswa. Kwa implanti 3 kushuka tofauti yake na ya wazi huwa ndogo. Kuanzia 4 ya wazi ndo inayoshinda, na implanti zikiwa zimelaliana pembe kubwa usijaribu kabisa ya kufungwa.

Jasi pima kwa mizani na maji kwa sirinji, changanya kwa mashine ya vakyumu ukiwa nayo. Mfuko wa jasi ukiachwa wazi chumba chenye unyevu jasi inaharibika, inaganda vibaya na nguvu yake inapungua, tia kwenye pipa lenye mfuniko unaobana. Na kama maabara iko Dar au uko Wete na fundi yuko mjini, mimina modeli wewe mwenyewe kabla ya kusafirisha. Silikoni ya adisheni inavumilia siku kadhaa ikiwa pahala pa baridi, lakini boksi likikaa juani bandarini Mkoani au Malindi huwezi kujua limefika nyuzi ngapi.

Skana: fanya hivi

Skana za mdomoni si jambo la jana, CEREC ya mwanzo ilitumika kwa mgonjwa Zurich mwaka 1985, kazi ya Werner Mörmann na Marco Brandestini. Ila zilizokuja miaka ya karibuni ndo zimeifikisha kazi ya implanti hapa ilipo, na kwa jino moja wallahi inapendeza, mgonjwa hanywi mate ya silikoni, hatapiki, na faili linafika kwa fundi kabla mgonjwa hajatoka kitini.

Kaliibresheni kwanza, yaani kuisawazisha skana ipime sawa. Kila mtengenezaji ana utaratibu wake na skana ikibebwa, ikiangushwa au chumba kikibadilika joto sana inataka kurudiwa. Kama unaibeba baina ya kliniki ya mjini na ya Chake Chake basi kaliibreti kila unapofika, usiseme jana nilifanya. Washa skana mapema kioo cha ncha kipate joto, chumba cha AC na pumzi ya mgonjwa vinaleta ukungu. Taa kubwa ya kiti izime au igeuze pembeni, mwanga mkali unaichanganya.

Skana bodi, yaani kile kinguzo unachokifunga juu ya implanti ili skana ijue implanti iko wapi na imegeukia wapi, iwe ya mfumo wa implanti ile ile na jina lake liwe kwenye laibrari ya programu ya fundi wako. Hapa ndo makosa mengi ya kidijitali yanapoanzia, watu wanalaumu skana kumbe fundi kachagua skana bodi inayofanana tu. Mtumie jina kamili, kampuni, saizi ya implanti, namba ya skana bodi. Ikaze kwa mkono au kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, zile za PEEK, ambayo ni plastiki ngumu, ukizikaza kwa nguvu zinabonyea na kushuka chini, na jino litakalotoka litakuwa na kimo sio. Angalia pia mwenye kuiuza anasema irudiwe kutiwa kwenye otoklevu mara ngapi, iliyochakaa itupe. Eksirei hapa nayo ni lazima, kama kwa kopingi.

Skani fizi kwanza, mara tu umevua kofia, kabla haijaanza kujifunga. Halafu funga skana bodi na uskani mara ya pili. Mdomo uwe mkavu, mate yanang'aa na skana inasoma sura ya mate. Damu ikitoka simama, bonyeza kwa pamba, subiri. Njia ya kupita ni hivi: anza nyuma juu ya meno, nenda mbele mpaka mwisho, rudi kwa upande wa ulimi, halafu malizia upande wa shavu. Mwendo wa taratibu, usirukeruke, ukipoteza njia rudi pahala skana inapopajua vizuri. Skana bodi ionekane yote pande zote, khasa ile sehemu yake iliyokatwa bapa maana ndo inayosema implanti imegeukia wapi. Programu nyingi zinajaza matundu zenyewe, na pahala palipojazwa ni kubuni, kwahivo zungusha picha na utazame kabla ya kutuma. Ukiona sehemu mbaya ikate hiyo na uiskani tena, lakini usifanye hivo mara nyingi, kila unaporejea juu ya pahala pale pale unaongeza kazi ya kuunganisha picha.

Implanti iliyozama sana inataka skana bodi ndefu, fizi ikiifunika nusu skana haina la kusoma. Kwa upande mwengine pembe za implanti haziisumbui skana kama zinavyosumbua silikoni, hakuna kitu cha kuchomoa kwa nguvu mdomoni, kwahivo implanti mbili zilizoinamiana jirani mie naziskani hata pale ambapo ningeogopa trei.

Kwanini taya zima linaishinda

Skana haipigi picha moja ya taya. Inapiga vipande vidogo vidogo na programu inavishona kimoja kwa chengine. Aliemuona bibi yake akishona mkeka anaelewa hapa, ukili wa mwanzo ukienda kombo kiasi cha uzi, pale mwanzo huoni kitu, ukifika mwisho mkeka umelala upande. Ndo hivo taya linaposhonwa kutoka gego la kulia mpaka la kushoto, implanti mbili za jirani zinakuwa sawa baina yao, lakini ya mwisho ukiilinganisha na ya mwanzo kosa linaweza kuvuka mikroni 100. Na taya lisilo na meno linazidisha tabu, fizi ni laini, inacheza, pote panafanana, programu haina alama ya kushikilia. Taya la chini ni baya zaidi, kuna ulimi, na mate yanakusanyika huko.

Wapo wanaobandika alama kwenye fizi au wanaunganisha skana bodi kwa vitu vyenye sura tofauti ili programu ipate pa kushika, na inasaidia. Skana mpya pia zinakwenda zikiboreka, sikatai. Lakini daraja la skrubu la implanti sita ni mali ya mtu na pengine ni akiba yake ya miaka, na mie nasema kwa hilo tumia trei ya wazi yenye kopingi zilizofungwa pamoja kama ilivyoelezwa juu, halafu ukitaka kidijitali modeli ya jasi iskaniwe maabara kwa skana ya mezani, ile ni sahihi kuliko ya mdomoni kwa umbali mrefu.

Fotogrametria ndo dawa ya kidijitali ya taya zima. Kamera yake inatazama vinguzo vyenye alama zilivyokaa pamoja na kuhesabu umbali na pembe baina yao bila ya kushona kipande kwa kipande. Haioni fizi, kwahivo bado unahitaji skani ya mdomoni au kipimo cha fizi na mafaili yanaunganishwa. Bei yake si ya kliniki ndogo, lakini kama kuna madaktari kadhaa mjini wanaofanya kazi za taya zima kununua moja kwa kushirikiana si wazo baya, na ningependa tulizungumze kwa dhati.

Jigi, na usiniruke hapa

Modeli ikishatoka, iwe ya jasi au ya kuchapwa, fundi atengeneze jigi juu yake, fito inayounganisha nafasi zote za implanti. Kwa modeli iliyochapwa usidhani kwa vile imetoka kwenye kompyuta basi iko sawa, printa nayo inasinyaza resini na analogi za kuchomeka zinaweza kukaa juu kidogo. Jigi ya resini ni ya kawaida. Jigi ya plasta ya impresheni ni kali zaidi, kwa sababu plasta haipindi, kipimo kikiwa na kosa unapoikaza inavunjika na umeshapata jawabu. Resini inaweza kujipinda kidogo ikakuficha.

Mdomoni, funga skrubu moja tu ya mwisho kabisa, ya upande mmoja, nyengine ziache wazi. Tazama upande wa pili. Jigi ikinyanyuka, au ukiona nafasi, kipimo kina kosa. Hamia upande wa pili ufanye hivo hivo. Pahala ambapo macho hayafiki kwa sababu ya fizi piga eksirei. Halafu kaza skrubu moja moja taratibu ukihisi kwa vidole, ikigusa anza kuhesabu, ikihitaji zaidi ya nusu duara mpaka kukaza ujue unalivuta daraja liende kwa nguvu. Mgonjwa akikwambia anahisi kubanwa msikilize, mwenye implanti haoni raha pale fremu inapovuta.

Kipimo kikiwa na kosa usianze upya chote. Kata jigi ya resini pale kosa lilipo, funga vipande vyote mdomoni, viunganishe kwa resini kidogo, chukua kipimo kipya juu ya jigi hiyo hiyo, na fundi arekebishe nafasi ya analogi au amimine modeli nyengine. Kwa waliofanya kwa skana yote, fundi achape au achonge meno ya majaribio ya plastiki kwanza, myakague kwa mtihani ule ule wa skrubu moja, ndo zirkonia ikatwe. Zirkonia na titani hazina msamaha.

Kwa jino moja jigi haihitajiki. Angalia mgusano na meno ya jirani kwa uzi wa meno, kimo cha kung'ata, na eksirei ya pale jino linapokalia implanti, inatosha.

Mambo ya mgonjwa na ya umeme

Mwezi wa Ramadhani wengi hawataki kutiwa kitu mdomoni mchana, na silikoni yenye ladha na maji ya kusukutua vinamtia mtu wasiwasi wa funga yake. Usimlazimishe Bi mkubwa aje saa nne asubuhi, mpangie baada ya futari au baada ya Idi, na kwa kazi ya taya zima ni bora baada ya Idi kwa sababu mnahitaji muda. Mtu asiefungua mdomo vizuri jaribu ncha ya skana bila kuiwasha kwanza, kwa magego ya nyuma ncha nyengine ni kubwa na skana bodi ikishakaa hakuna nafasi tena. Trei ya wazi nayo inataka nafasi ya bisibisi juu ya skrubu ndefu. Yote mawili yapime siku ya kwanza ya mgonjwa, sio siku ya kazi.

Umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari, na waliokuwepo wanakumbuka Unguja ilivyokaa bila ya umeme wa gridi toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Skana isiendeshwe bila ya UPS (betri ya akiba), umeme ukikatika katikati ya skani unaweza kupoteza kila kitu na fizi haikungojei. Mafaili yanakiliwe pahala pawili kabla mgonjwa hajaondoka, na faili la STL, lile lenye sura ya mdomo uliyoiskani, likishatumwa mpigie fundi alifungue ukiwa bado una mgonjwa kitini, akikwambia skana bodi ya pili ina tundu unairudia hapo hapo. Kifurushi cha intaneti kikiwa dhaifu faili kubwa linakwama njiani na watu wanadhani limefika.

Kuhusu fedha, nisemavyo mie: kliniki inayoweka implanti chache kwa mwaka, nyingi za jino moja moja, ianze na ufunguo mzuri wa kupimia nguvu ya kukaza, eksirei inayoonesha vizuri, silikoni nzuri isiyopitwa na muda na makubaliano na fundi mmoja anaekubali kutengeneza jigi kila mara. Skana ije baadae. Ukishanunua fanya nayo mataji ya kawaida kwanza mpaka mkono ukae sawa, ndo uende kwenye implanti. Vijana wanaorudi kutoka Muhimbili wanajua programu hizi kuliko wengi wetu, wapeni nafasi ya kuwaonesha wakubwa zao, na wakubwa nao wawaoneshe vijana namna ya kukata na kuunganisha resini, maana hiyo haimo kwenye kompyuta.

Mwisho wa kazi jigi iliyokubali usiitupe. Iandike jina la mgonjwa, tarehe, mfumo wa implanti na saizi, iweke pamoja na modeli kwenye boksi kavu, na kwa kazi za skana weka faili la asili pamoja na lile la muundo wa jino, mwambie fundi nae abakishe nakala. Porseleni ikija kumegeka baada ya miaka, fremu mpya inaweza kuanzia kwenye modeli ile iliyokwisha kukaguliwa, ukiirudisha jigi mdomoni na kuona bado inakaa.